Midomo Saba, Nyasi Zilezile

Jua likizama Seronera, magari ya watalii hurudi kambini na Serengeti hubaki na wenyewe wa usiku. Simba na nyumbu wameshapigwa picha vya kutosha. Wanaotoka sasa ni wadogo, ambao wageni wengi hupanda ndege ya kurudi kwao bila kuwaona hata mara moja: bweha masikio, fisi mdogo, nguchiro mkia-mweupe, kanu wa aina mbili, fungo na kicheche. Kwa ukoo wote saba ni wala nyama, ingawa meno ya baadhi yao yaliiaga nyama zamani. Mkubwa wao, fungo, anaweza kufika kilo 15 au zaidi. Mdogo wao, kicheche, ni nadra kufikisha kilo moja na nusu. Na wengi wao huinamisha vichwa kwenye nyasi zilezile, saa zilezile, wakitafuta wadudu.

Mwaka 1934 mwanabiolojia wa Kirusi G. F. Gause alichapisha majaribio yake ya viumbe wa chembe moja waliofugwa kwenye mirija ya kioo. Aina mbili zilizotegemea chakula kimoja hazikudumu pamoja. Moja ilistawi, nyingine ikatoweka. Tangu hapo kila anayewaona wanyama wanaofanana wakiishi mahali pamoja hujiuliza: hawa wamegawanaje? Kuuliza ni rahisi. Kupata jibu kwa wanyama wanaotembea gizani, wengi wao peke yao, kwenye nyasi zinazowafunika migongo, ni kazi ya mikono na macho, na ya mtu asiyechoka upesi. Mimi huipenda kazi hiyo kuliko hata majibu yake.

Huanza na taa. Gari linakwenda kilomita 10 au 15 kwa saa, vioo vimeshushwa, na mtu mmoja amesimama kwenye tundu la paa akiipeleka kurunzi taratibu kushoto na kulia. Nyuma ya jicho la mnyama wa usiku kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana macho huwaka. Anayejifunza hukimbilia rangi: haya ya kijani, yale mekundu. Mzoefu haiamini sana rangi, kwa kuwa hubadilika mnyama akigeuza shingo kidogo tu. Yeye hutazama kimo cha macho kutoka ardhini, nafasi iliyopo kati ya jicho na jicho, na zaidi ya yote mwendo. Swala husimama akakodoa. Sungura na kamendegere, ambao macho yao yako pembeni mwa kichwa, mara nyingi huonyesha jicho moja tu, linaloruka. Kanu huwaka kwenye tawi, huzimika, kisha huwaka tena pembeni kidogo na juu zaidi. Bweha masikio ni nadra awe mmoja. Ukiona jozi moja, isubiri ya pili. Nguchiro mkia-mweupe ndiye mgumu, kwani pua yake iko chini karibu muda wote na macho hayapati nafasi ya kuipokea taa. Kinachoonekana ni mkia, mweupe, ukipita juu ya nyasi kwa kona za kwenda na kurudi.

Mtu wa kurunzi akisema "simama", dereva huzima injini hapohapo, maana mtikisiko wake huharibu darubini. Kisha hupimwa umbali wa mnyama kutoka barabarani, pembe yake, urefu wa nyasi, umbali wa kichaka cha karibu, na saa. Anayeandika haruhusiwi kukisia. Mnyama akiingia kichakani kabla hajatambuliwa, huandikwa "hajulikani", na daftari la mtu mwaminifu huwa na neno hilo kila ukurasa. Nikipewa daftari la usiku lisilo nalo, nalifunga.

Katika miaka ya 1970 mtafiti Peter Waser alifanya kazi ya namna hii Serengeti, kwa taa, kwa mitego ya kumkamata mnyama akiwa hai na kwa kola zenye redio, na mwaka 1980 akachapisha makala kuhusu wala nyama wadogo wa usiku wa huko. Anayetarajia kwamba hesabu za taa zitatoa ramani safi, huyu kule na yule huku, atavunjika moyo. Kuna mielekeo, naam. Bweha masikio hupenda mahali nyasi ni fupi. Nguchiro mkia-mweupe hapendi kuwa mbali na miti na vichaka. Fisi mdogo hufuata uwanda wenye nyasi. Lakini mielekeo hiyo hupandana, na kuna usiku ambapo kurunzi moja, bila gari kusogea, huonyesha bweha masikio wanne, nguchiro mmoja, na nyuma yao fisi mdogo akiendelea na shughuli zake. Hawafukuzani. Kama kugawana kupo, hakupo kwenye eneo peke yake.

Basi inabidi kuangalia vinywani, na kwa kuwa vinywani hapaangaliki, kazi huhamia kwenye kinyesi.

Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Kinyesi huokotwa kwa bahasha ya karatasi, kwa kuwa kwenye mfuko wa nailoni huota ukungu. Kabla ya kukiokota, mwokotaji husoma mahali: nyayo zenye alama za kucha au zisizo nazo, kinyesi kimoja au rundo, juu ya jiwe au kwenye mchanga. Fisi mdogo ana choo chake, uwanja mdogo wa mchanga anaourudia, na anachoacha hapo hufukia kidogo. Kinyesi chake ni kizito kwa udongo, maana anaporamba mchwa huramba na ardhi waliyosimama. Fungo naye ana vyoo, tena vikubwa, na havifukii. Kanu hupenda kuacha chake mahali palipoinuka. Msaidizi wa utafiti aliyezoea hukuambia mwenyewe kabla hujainama, halafu bado huinama, kwa sababu mwenye mazoea ndiye anayedanganywa na mazoea.

Maabara mara nyingi ni meza chini ya mti na ndoo mbili za maji. Kinyesi hulowekwa, huoshwa juu ya chekecheke la matundu madogo mpaka maji yatoke meupe, hukaushwa juani, kisha humwagwa kwenye sinia. Kinachobaki ni vile ambavyo tumbo limevishindwa: magamba magumu ya mbawa za mbawakawa, miguu ya panzi, pingili za jongoo, nywele, jino la panya, na vichwa vya mchwa. Hasa vichwa vya mchwa, mamia kwa mamia, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele.

Inua kimoja kwa kibano, ukiweke chini ya lenzi. Askari wa mchwa wa jenasi ya Trinervitermes ana kichwa cha mviringo kinachochongoka mbele na kuwa mrija. Taya zake hazina nguvu ya kuuma. Silaha ni huo mrija, unaorusha utomvu wenye kunata na harufu kali ya tapentaini. Askari wa Hodotermes, mchwa wavunaji nyasi, ni mtu mwingine kabisa: kichwa kikubwa chenye rangi ya kutu, taya nene zenye meno, wala hakuna mrija. Aliyeviona vichwa hivi mara chache havichanganyi tena. Na kwa kuvitenganisha tu, kidogo kidogo, kimoja upande huu na kimoja upande ule, unaanza kuona jambo ambalo kurunzi haikuweza kulionyesha. Sinia la fisi mdogo hujaa vichwa vyenye mrija. Sinia la bweha masikio hujaa vichwa vyenye taya, pamoja na vipande vya mbawakawa wa kinyesi.

Mwaka 1972 Hans Kruuk, ambaye watu wengi humjua kwa utafiti wake wa fisi madoa, aliandika pamoja na mtaalamu wa mchwa W. A. Sands kuhusu fisi mdogo wa Afrika Mashariki na utegemezi wake kwa Trinervitermes. Ninachokistahi katika kazi ile ni ushirikiano wenyewe. Mtu wa fisi peke yake angeandika "mchwa" na kufunga bahasha. Ilihitajika mtu aliyejua kwamba "mchwa" si jibu, ni mwanzo wa swali.

Ukishajua ni mchwa yupi, mwili wa mlaji nao huanza kueleweka. Fisi mdogo ana ulimi mpana na mate mazito ya kunata. Magego yake yamepungua yakawa vijiti tu, ingawa chonge zimebaki kali kwa ajili ya ugomvi wa mipaka. Hafukui. Trinervitermes hutoka usiku kukata nyasi wakiwa wamesongamana juu ya ardhi, na yeye husimama akawaramba, tena na tena, zaidi ya 200,000 kwa usiku mmoja. Utomvu wa askari humkera, ila anauvumilia kuliko mnyama mwingine yeyote wa hapo. Kundi likishtuka, vibarua hurudi chini na askari hujaa mahali pao. Mlo unakuwa mchungu zaidi kila anaporamba, na fisi mdogo huondoka kwenda kundi jingine. Kichuguu kinabaki kizima. Atakirudia.

Bweha masikio amefika kwenye mchwa kwa njia nyingine. Masikio yake hufika sentimita 13, na huyainamisha mbele akiyaelekeza ardhini, akisikiliza mchwa wanaokata nyasi, na pia mabuu ya mbawakawa yanayojongea ndani ya madonge ya kinyesi yaliyozikwa. Mdomoni ana meno kati ya 46 na 50, wakati mbwa wa kawaida ana 42, na taya lake limeumbwa kwa kutafuna haraka mno. Kwa adui mwenye taya nene, kutafuna haraka ndiyo dawa. Kwa adui mwenye mrija wa tapentaini, kutafuna ni kujitakia balaa. Ndiyo maana wanyama wawili wanaweza kusimama kwenye nyasi zilezile, wote wakila mchwa, na kila mmoja akawa anakula kitu ambacho mwenzake hakimfai sana.

Sisemi kwamba mpaka huu haupitiki. Kule Afrika Kusini, majira ya baridi, Trinervitermes wanapobaki chini, fisi mdogo huwageukia Hodotermes, hata hubadilisha saa zake akatoka alasiri, wakati mchwa hao wako nje. Vitabu vya kuongozea watalii hupenda jedwali: mnyama huyu, chakula hiki, saa hizi. Jedwali kama hilo ni la mwezi mmoja mahali pamoja. Mvua ikinyesha linachanika.

Mvua, kwa hakika, ndiyo inayoamua kama kuna haja ya kugawana. Nyumbu wakipita na mvua ikiwa imeshuka, mbawakawa wa kinyesi huzagaa kila mahali na kila mdomo huwala: bweha, nguchiro, kanu, kicheche, hata fungo. Masinia ya miezi hiyo hufanana kiasi cha kumkatisha mtu tamaa. Kiangazi ndipo masinia huachana, kila mmoja akirudi kwenye kile ambacho mwili wake unakiweza kuliko wenzake. Mtafiti aliyekusanya msimu mmoja tu ataandika ama kwamba hawa hawagawani kitu, ama kwamba wanagawana kila kitu, na kwa ushahidi alionao atakuwa sahihi.

Nguchiro mkia-mweupe alimfundisha Waser jambo zuri kuhusu hili. Mnyama huyu hutafuta peke yake, kwa pua, akipiga kona huku na huku na kukwangua kwa kucha. Kola za redio zilionyesha kwamba madume hukwepana, kila mmoja na eneo lake la karibu kilomita moja ya mraba, lakini majike wengine huishi kwenye eneo moja kabisa bila kutembea pamoja. Kwa nini wasifukuzane? Katika makala ya mwaka 1981 Waser alijenga hoja kwamba jibu liko kwenye kasi ya chakula kurudi. Mdudu aliyeliwa leo mahali hapa, kesho ametokea mwingine. Jirani aliyepita jana hajakuachia njaa. Gharama ya kumvumilia ni ndogo kuliko gharama ya kupigana naye. Waser alikuwa akizungumzia nguchiro na nguchiro mwenzake, lakini mimi naona hoja inavuka ukoo. Ukiijua, utulivu wa wale walioonekana kwenye kurunzi moja haushangazi sana.

Kanu ni habari nyingine, kwa kuwa anapanda. Mdudu anamla, ila panya anamfaa zaidi, na ndege aliyelala tawini pia. Kucha zake hurudi ndani ya nyayo karibu kama za paka, ndiyo maana alama zake mchangani ni laini. Shida ya kanu ni kwamba wako wawili, na wanafanana mno. Kanu wa madoa madogo ana ncha ya mkia nyeupe, na uti wa mgongo una nywele ndefu anazozisimamisha akiogopa. Kanu wa madoa makubwa ana ncha nyeusi, madoa yenye wekundu katikati, na mgongo usio na singa hizo. Wa kwanza huvumilia ukame na uwazi. Wa pili hupatikana zaidi penye miti mingi na kando ya mito. Tofauti ya ncha ya mkia, sentimita chache za manyoya, ndiyo inayobeba hoja nzima ya jinsi wanavyogawana nchi.

Sasa zitazame kamera. Kuanzia mwaka 2010 mradi wa Snapshot Serengeti, ulioanzishwa na Ali Swanson, ulitawanya kamera 225 za kujiwasha kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125, na maelfu ya watu wa kujitolea duniani wakasaidia kutambua wanyama kwenye picha hizo kupitia intaneti. Ni kazi kubwa, na picha zake zimetufundisha mengi kuhusu simba, chui, fisi na duma. Lakini orodha waliyopewa watu wa kujitolea iliweka kanu wote chini ya jina moja, nguchiro wote chini ya jina moja, bweha wa kawaida wote vilevile. Siwalaumu, mtu aliyeko London au Chicago, anayeiona picha ya usiku yenye nusu ya mnyama, hawezi kuulizwa rangi ya ncha ya mkia. Ila kwa swali letu, neno "kanu" kwenye orodha ile linafunga mlango palepale linapopaswa kuufungua. Lazima mtu arudi kwenye picha, moja baada ya nyingine, na kuutafuta mkia. Wapo wanaofanya hivyo. Picha nyingi zinaishia kiunoni, kwa sababu kanu alishapita kamera ilipozinduka.

Fungo simsemi sana, ingawa anastahili. Yeye hugawana kwa tumbo. Jongoo wakubwa wa masika hutoa majimaji makali yanayochoma na kutia doa, na wanyama wengi huwaacha. Fungo huwala, na pingili zao hujaa chooni kwake pamoja na mbegu za matunda pori. Ni choo kinachosomeka hata bila lenzi. Kicheche, kwa upande wake, anajulikana kwa harufu kuliko kwa utafiti.

Kuna wanaotaka kipimo badala ya sinia. Mwaka 1959 G. E. Hutchinson aliuliza ni kiasi gani cha tofauti ya umbo kinachotosha ili viumbe wawili waishi pamoja, na swali lake likazaa kizazi cha watu wenye vipimo vya chuma kwenye makabati ya makumbusho. Tamar Dayan na wenzake, mwaka 1990, walipima kipenyo cha chonge za paka-mwitu watatu wa Israel na wakaona unene wake umepangika kwa hatua zinazokaribia kulingana, kuanzia kwa aina ndogo hadi simbamangu. Ni kazi safi. Lakini paka wote huua kwa chonge. Ukichukua kipimo hicho ukakipeleka kwa fisi mdogo, bweha masikio na nguchiro utapima kitu ambacho hawakitumii kula. Mmoja angepaswa kupimwa ulimi, mwingine sikio, mwingine pua.

Mwaka ule ule Waser alipochapisha makala yake ya wala nyama wadogo, 1980, Joseph Connell aliwaonya wenzake wote wasione tofauti kati ya wanyama leo wakadhani ni ushahidi kwamba waliwahi kugombana zamani. Huenda kila mmoja alikuja na kifaa chake tayari kutoka kwingine. Mababu wa fisi mdogo na mababu wa bweha masikio huenda hawakuwahi kukutana mahali pamoja wakibishania kichuguu. Naikubali tahadhari hiyo kwa moyo wote, na naona haipunguzi chochote kwenye sinia. Sinia halisemi waligawanaje zamani. Linasema nani anakula nini usiku huu.

Siku hizi kuna njia ya haraka zaidi: kipande kidogo cha kinyesi hupelekwa maabara, DNA husomwa, na orodha ya walioliwa hutoka, hata wale wenye miili laini ambao chekecheke haliwezi kuwabakiza. Njia hiyo imeziba mapengo ya kweli. Buu lisilo na gamba, kwa mfano, halikuwahi kupata haki yake juu ya sinia, na mmiliki wa kinyesi naye hujulikana bila ubishi. Lakini askari na kibarua wa kichuguu kimoja ni watoto wa nyumba moja, na DNA haiwezi kusema yupi aliyeliwa. Ukitaka kujua fisi mdogo aliendelea kuramba kwa muda gani baada ya kundi kushtuka, alivumilia mirija mingapi kwa kila kibarua kabla ya kuondoka, bado itabidi mtu akae na kibano, ahesabu vichwa vyenye mrija upande mmoja na visivyo nao upande wa pili.